Chanda Chema Huvikwa Pete: Nani Anastahili Kuitwa Nyota?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

UTANGULIZI

Katika gazeti letu huwa tunapenda kuandika juu ya ngeli, methali na nahau, na hilo ni jambo zuri. Lakini leo nataka tusome somo lililo nje ya kitabu cha darasani, somo ambalo limeleta ubishi mkali kuanzia uwanjani hadi kwenye foleni ya githeri. Somo lenyewe ni hili: wachezaji wa timu ya nyota huchaguliwaje, na ni nani hasa anayestahili kuchaguliwa?

Kwanza tuelewane. Mechi ya nyota si mechi ya ligi. Ni mechi ya kusherehekea, ambapo wachezaji bora hutolewa katika timu zao mbalimbali wakawekwa pamoja kwa siku moja. Katika mpira wa vikapu, mechi ya namna hii inayojulikana zaidi duniani ni ile ya ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA. Ilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1951 mjini Boston, na timu ya Mashariki ikaishinda ile ya Magharibi kwa pointi 111 kwa 94. Sisi nasi shuleni tuna yetu ndogo. Mashindano ya madarasa yakiisha, wavulana 12 na wasichana 12 huchaguliwa kuwa nyota wa shule, wakacheza mbele ya wazazi na walimu.

Wako watakaosema, "Kwani kuna nini? Si ni mchezo tu!" La hasha. Orodha hiyo ndiyo mwalimu wa michezo huitazama kwanza anapounda timu ya shule itakayokwenda mashindano ya kaunti ndogo. Kutoka kaunti ndogo ni kaunti, kisha Nyanza nzima, kisha taifa. Asiyeitwa pale mwanzo hana pa kuonekana mbele. Tazama Joel Embiid na Pascal Siakam, wote wa Kameruni. Embiid alialikwa katika kambi ya vijana ya Basketball Without Borders huko Afrika Kusini mwaka wa 2011, na Siakam akafuata 2012. Baadaye wote wawili walicheza mechi ya nyota ya NBA, Embiid kwa mara ya kwanza 2018 na Siakam 2020. Walikuwa na kipaji, naam, lakini pia kuna mtu aliyeyaandika majina yao kwenye orodha wakiwa bado hawajulikani. Kwa hivyo, swali la nani aandikwe si swali dogo.

MANENO MATATU YA KUTOFAUTISHA

Kwa kuwa sisi ni Chama cha Kiswahili, tuanze na maneno. Ubishi mwingi hutokea kwa sababu watu hutumia maneno matatu kana kwamba ni neno moja.

Neno la kwanza ni kuchagua. Kuchagua ni kuchukua unachokipenda kati ya vingi. Wananchi huchagua mbunge wao kwa kura, na hakuna anayeulizwa sababu.

Neno la pili ni kuteua. Huku ni kuchagua kwa mamlaka na kwa kupima. Rais huteua mawaziri, na kocha huteua kikosi. Mwenye kuteua anaweza kuulizwa, "Mbona huyu na si yule?" naye inambidi ajibu.

Neno la tatu ni kustahili. Hili halimhusu anayechagua. Linamhusu anayechaguliwa. Mtu hustahili kwa lile alilolitenda, hata kama hakuna aliyempigia kura. Ndiyo maana hapa Kisumu, kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka wa 2013, kiongozi wa manispaa aliitwa Mstahiki Meya. Jina lilimkumbusha kuwa heshima ile ni ya kustahili, si ya kukalia kiti tu.

Basi shida yote ya timu ya nyota ni kuyapatanisha maneno haya matatu: watu wachague, wenye ujuzi wateue, na anayepatikana awe amestahili. Sasa tuzitazame njia zinazotumika, moja baada ya nyingine.

NJIA YA KWANZA: KURA ZA MASHABIKI

NBA ilianza kuwapa mashabiki kura mwaka wa 1975. Kila timu ya nyota ilikuwa na wachezaji 12. Watano walikuwa wale walioanza mechi, na saba walikaa akiba. Mashabiki ndio waliowachagua wale watano.

Njia hii ina uzuri wake. Mchezo huishi kwa sababu ya watu wanaoutazama, na ni haki yao kusema wanataka kumwona nani. Tena kura ya watu inaweza kufanya jambo ambalo hesabu haiwezi. Mnamo Novemba 1991, Magic Johnson wa Los Angeles Lakers alitangaza kwamba ana virusi vya Ukimwi na kwamba anaacha kucheza. Hakucheza mechi hata moja ya ligi msimu ule. Lakini mashabiki walimpigia kura vilevile. Baadhi ya wachezaji walikuwa na wasiwasi wa kucheza naye, kwa sababu siku zile watu wengi hawakujua vizuri jinsi ugonjwa ule unavyoambukizwa. Mnamo Februari 1992 aliingia uwanjani mjini Orlando, akafunga pointi 25 na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi.

Ukiuliza kwa hesabu, mtu asiyecheza hata mechi moja hastahili. Lakini sisi tulio kando ya Ziwa, ambako Ukimwi umewachukua wazazi wa watu wengi na ambako walioambukizwa wamewahi kunyanyapaliwa hadi na jamaa zao, tunaelewa kura ile ilimaanisha nini. Watu walikuwa wakisema, "Wewe bado ni wetu." Na hilo nalo ni aina ya kustahili.

Hata hivyo, kura ina kasoro zake. Kura hupima kujulikana, haipimi kazi. Mwaka wa 2014 Kobe Bryant alichaguliwa kuanza mechi ya nyota ilhali alikuwa ameumia na alikuwa amecheza mechi 6 tu msimu huo. Yeye mwenyewe alisema ingefaa nafasi ile waachiwe vijana, na mwishowe hakucheza. Mwaka wa 2017 kulitokea kioja kikubwa zaidi. Zaza Pachulia, mchezaji kutoka nchi ya Georgia, alipata kura zaidi ya milioni moja na nusu za mashabiki. Alikuwa mchezaji wa kawaida tu ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia wenzake mashuhuri wa Golden State Warriors. Lakini watu wa nchi yake, pamoja na waliopiga kura kwa mzaha, walimpandisha hadi akawapita mabingwa kadhaa.

Methali yasema, "Mcheza kwao hutunzwa." Ni kweli, lakini katika timu ya nyota methali hiyo inaweza kuwa sumu. Kama kila mtu atamtunza wa kwao, basi darasa lenye wanafunzi wengi litatoa nyota wengi, na darasa dogo halitatoa hata mmoja. Hapo tutakuwa tumehesabu madawati, hatujahesabu vipaji.

NJIA YA PILI: JICHO LA KOCHA

Wale wachezaji saba wa akiba wa NBA huteuliwa na makocha wa ligi. Hapa pana sheria moja ambayo naipenda mno: kocha haruhusiwi kumpigia kura mchezaji wa timu yake mwenyewe. Sheria hii ni fupi, lakini inakata mzizi wa upendeleo. Ni lazima kocha awafikirie wale waliomsumbua uwanjani, waliomfanya akose usingizi. Kumsifu adui yako ni jambo gumu, na ndiyo maana sifa hiyo ina uzito.

Jicho la kocha huona mambo ambayo mashabiki hawayaoni. Chukua mfano wa Luol Deng. Alizaliwa Wau, katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini. Jamaa yake ilikimbia vita hadi Misri, kisha Uingereza. Alipokuwa Chicago Bulls, hakuwa mtu wa mbwembwe. Kazi yake ilikuwa kumkaba mshambuliaji hatari wa upande wa pili, dakika baada ya dakika. Mashabiki hawakumchagua, lakini makocha walimteua kuwa nyota mwaka wa 2012 na tena 2013.

Au mtazame hayati Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyezaliwa Kinshasa na kufariki mwaka wa 2024. Ukichukua miaka yake yote katika NBA, hakufikisha wastani wa pointi 10 kwa mechi. Ukihesabu pointi peke yake, huyu si nyota. Lakini alikuwa nyota mara 8, na mara 4 alitunukiwa kuwa mlinzi bora wa ligi. Alikuwa akiuzuia mpira hewani, kisha anatikisa kidole kumwambia mpinzani, "Hapana, si nyumbani kwangu." Kuzuia pointi mbili ni sawa na kufunga pointi mbili, ila tu yule anayezuia hashangiliwi sana.

Hapa Ufuoni tunalijua jambo hili. Nenda Dunga asubuhi mashua zinapofika. Mgeni hununua samaki kwa ukubwa wake. Lakini mama anayeuza samaki Kibuye haangalii ukubwa tu. Hufunua shavu la samaki aone kama ndani mna wekundu, kisha huibonyeza nyama kwa kidole. Ngege mdogo aliyevuliwa usiku ule ni bora kuliko mbuta mkubwa aliyelala siku mbili. Kocha mzuri ni kama mama huyo. Anafunua shavu.

Lakini jicho la kocha nalo lina kasoro. Kocha haoni kila kitu. Anawaona wale wanaobaki kwenye mazoezi. Sisi ni shule ya kutwa. Wapo wenzetu ambao saa kumi ikigonga hawana budi kuondoka: mmoja anakwenda kuchota maji, mwingine anakwenda kumsaidia mamake kupanga omena sokoni, mwingine anatembea mwendo mrefu na giza linaingia. Hawa huonekana uwanjani siku ya mechi tu. Vilevile mechi za wasichana mara nyingi huchezwa mapema, wakati watu wengi bado wako darasani. Namjua msichana mmoja ambaye hunyakua karibu kila mpira unaorudi kutoka ubaoni, tena hutoa pasi safi sana. Jina lake halikuwa kwenye orodha. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa, "Yule? Kwani anacheza?" Hawakumkataa. Hawakuwa wamemwona.

NJIA YA TATU: HESABU

Wengine husema tuache maneno mengi, tuhesabu. Nakubali, lakini hata kuhesabu kuna namna yake. Nitatoa mfano wa kubuni wa wachezaji wawili, K na L, ili tuone.

Mchezaji K alicheza mechi zote 12 za madarasa. Alitupa mpira kikapuni mara 150 na ukaingia mara 60. Hizo ni pointi 120. Ongeza pointi 24 za mitupo huru, jumla ni pointi 144.

Mchezaji L alicheza mechi 8 tu. Alitupa mara 96 na mpira ukaingia mara 48, yaani pointi 96. Ongeza 16 za mitupo huru, jumla ni pointi 112.

Ukiangalia jumla, K ni bora kwa pointi 32. Mambo yameisha, sivyo? Ngoja kwanza. Gawanya kwa idadi ya mechi. K ana wastani wa pointi 12 kwa mechi, L ana wastani wa 14. Tena tazama mitupo yao ya kawaida. K anafaulu mara 40 katika kila mitupo 100, L anafaulu mara 50. Maana yake ni kwamba K anapata pointi nyingi kwa kuwa anatupa sana, na kila anapokosa, wenzake wamepoteza nafasi. Kumbe L ndiye mfungaji bora.

Sasa uliza swali la mwisho: L alikuwa wapi zile mechi 4? Huenda alitoroka, na hilo ni kosa lake. Lakini huenda alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana. Sote tunajua jambo hili hutokea katika shule za kutwa. Je, ni haki mtu apoteze nafasi ya nyota kwa sababu mzazi wake hakupata pesa wiki hiyo? Mimi nasema si haki. Ndiyo maana nashikilia wastani kuliko jumla. Ili mtu asicheze mechi moja tu ya bahati na kudai unyota, tuweke kiwango cha chini, tuseme nusu ya mechi. Aliyefikisha nusu apimwe kwa wastani wake.

Hata hivyo, hesabu nayo haitoshi. Daftari haliandiki yule aliyemkinga mwenzake ili apate nafasi ya kutupa. Haliandiki yule aliyewatuliza wenzake refa alipokosea. Hesabu ni shahidi mzuri, lakini si hakimu.

KUCHANGANYA NJIA: SOMO LA MWAKA WA 2017

Baada ya vioja vya kura, NBA ilibadilisha utaratibu kuanzia mechi ya nyota ya 2017. Wale watano wa kuanza wakawa wanapatikana kwa kura za makundi matatu. Mashabiki walipewa nusu ya uzito, wachezaji wenyewe robo, na waandishi wa habari robo. Kila mchezaji hupewa nafasi yake katika kila kundi: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea. Nafasi ya mashabiki huzidishwa mara mbili, ikajumlishwa na zile nyingine mbili, kisha jumla hugawanywa kwa nne. Mwenye namba ndogo zaidi ndiye hushinda. Zikilingana, aliye na kura nyingi za mashabiki hutangulia.

Kwa njia hii Zaza Pachulia hakuingia, maana wachezaji na waandishi hawakumuunga mkono. Watu wakasema mambo yamenyooka. Lakini tazama yaliyotokea kwa walinzi wa Magharibi mwaka huohuo. Nafasi zilikuwa mbili, na waliozigombea walikuwa watatu.

Stephen Curry alikuwa wa 1 kwa mashabiki, wa 3 kwa wachezaji na wa 3 kwa waandishi. Hesabu yake: 2 + 3 + 3 = 8; gawa kwa 4, unapata 2.

James Harden alikuwa wa 2 kote. Hesabu yake: 4 + 2 + 2 = 8; gawa kwa 4, unapata 2.

Russell Westbrook alikuwa wa 3 kwa mashabiki, wa 1 kwa wachezaji na wa 1 kwa waandishi. Hesabu yake: 6 + 1 + 1 = 8; gawa kwa 4, unapata 2.

Ajabu! Wote watatu walilingana. Basi kura za mashabiki zikaamua, na Westbrook akaachwa nje ya wale wa kuanza. Huyu ndiye mtu ambaye wachezaji wenzake na waandishi walimweka mbele ya wote. Msimu ulipokwisha alikuwa na wastani wa zaidi ya 10 katika pointi, katika mipira iliyorudi ubaoni na katika pasi za kufungisha, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu Oscar Robertson katika msimu wa 1961/62. Akatangazwa mchezaji bora wa ligi nzima.

Je, alipotea? Hapana. Makocha walimteua kati ya wale saba wa akiba. Na hapa ndipo ninapoliona somo kubwa. Hakuna njia isiyokosea. Lakini njia zikiwa zaidi ya moja, kosa la mmoja hurekebishwa na mwingine. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine u wazi. Kama mlango ungekuwa mmoja tu, yule aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi angetazama mechi ya nyota akiwa nyumbani.

TIMU YA KUSHINDA NA TIMU YA KUHESHIMU

Kabla sijamaliza, kuna jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Timu ya taifa si timu ya nyota. Timu ya taifa huundwa ili ishinde. Timu ya nyota huundwa ili iwaheshimu waliofanya vizuri.

Mfano wa timu ya taifa tunao hapa kwetu. Kenya iliandaa mashindano ya Afrika ya mpira wa vikapu jijini Nairobi mwaka wa 1993, na ikamaliza ya nne. Baada ya hapo tulikaa miaka 28 bila kurudi. Mnamo Februari 2021, mjini Yaoundé, vijana wetu wa Kenya Morans walikutana na Angola, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Timu yetu ilifunzwa na Liz Mills, mwanamke kutoka Australia. Sekunde za mwisho kabisa, Tylor Ongwae alitupa mpira ukaingia, na Kenya ikashinda 74 kwa 73. Mwaka huohuo Morans walicheza AfroBasket mjini Kigali.

Kocha anapounda timu kama hiyo, haulizi tu, "Nani ni bora?" Anauliza, "Nani anafaa kucheza na nani?" Anaweza kumwacha mfungaji mkali kwa sababu tayari ana wafungaji watatu na hana wa kukaba. Huyo aliyeachwa hajadharauliwa. Lakini katika timu ya nyota sababu hiyo haifai. Huwezi kumwambia mtu, "Umefanya kazi kuliko wote, lakini hatuhitaji mtu wa aina yako." Heshima ni deni, na deni hulipwa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Kwa hivyo ukisikia ubishi, uliza kwanza: tunaunda timu ya kazi gani? Utashangaa jinsi kelele zitakavyopungua.

MAPENDEKEZO KWA SHULE YETU

Baada ya kusema hayo yote, napendekeza mambo matano kwa heshima kwa mwalimu wa michezo na kwa viranja.

Kwanza, vigezo viandikwe na kubandikwa ubaoni kabla ya mashindano kuanza. Vigezo vikiandikwa baadaye, huandikwa vikimtazama mtu fulani usoni.

Pili, kila mechi, ya wavulana na ya wasichana, iwe na wanafunzi wawili wa kuandika daftari: waliofunga, waliokosa, walionyakua mpira ubaoni, waliotoa pasi za kufungisha na waliozuia. Chama chetu cha Kiswahili kinaweza kuifanya kazi hii, na tutapata nafasi ya kutumia msamiati wetu wa michezo.

Tatu, kura zigawanywe. Wanafunzi wote wapewe nusu, wachezaji robo, na walimu pamoja na manahodha robo. Na mtu yeyote asimpigie kura wa darasa lake.

Nne, katika zile nafasi 12, wanafunzi na wachezaji na walimu wapate 5 kwa njia hiyo ya kura, na zile 7 ziteuliwe na manahodha na walimu wakiwa na daftari mkononi. Hivyo aliyesahauliwa na wengi atakumbukwa na wachache walioona.

Tano, mechi za wasichana zichezwe kwa zamu saa zilezile za wavulana. Huwezi kumpigia kura mtu ambaye hukupewa nafasi ya kumwona.

HITIMISHO

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mimi kwa umri wangu mdogo sithubutu kubishana na wahenga, ila nitaongeza neno moja: kizuri chajiuza kikiwekwa sokoni. Kikifichwa nyuma ya gunia, hakuna mnunuzi atakayekijua. Wengine walisema, "Chanda chema huvikwa pete." Lakini pete haijivishi yenyewe. Panatakiwa mkono wa kuishika na jicho la kukiona kidole kilicho chema. Mkono huo na jicho hilo ni sisi: wapiga kura, manahodha na walimu.

ZOEZI LA MJADALA

1. Eleza tofauti kati ya kuchagua, kuteua na kustahili. Tunga sentensi moja kwa kila neno ukitumia mifano ya michezo.

2. Mchezaji M ni wa 2 kwa mashabiki, wa 1 kwa wachezaji na wa 3 kwa waandishi. Mchezaji N ni wa 1 kwa mashabiki, wa 4 kwa wachezaji na wa 2 kwa waandishi. Kwa utaratibu wa 2017, nani anatangulia?

3. "Magic Johnson hakustahili kuchezeshwa mwaka wa 1992." Jadili kauli hii, ukitoa hoja za pande zote mbili.

4. Mchezaji bora wa timu iliyoshindwa mechi zake zote anaweza kuwa nyota? Toa sababu.